Mlipuko ukifunga shule, damu tutaipata wapi? Mwongozo wa kuwapata wachangiaji na kuwabakiza

Mgonjwa wa kwanza wa korona Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Kesho yake Serikali ikafunga shule za awali, msingi na sekondari, na vyuo vikafuata. Kenya walikuwa wametangulia kwa siku mbili. Wazazi wakahangaika na masomo ya watoto. Watu wa benki za damu walikuwa na hangaiko lao jingine, ambalo halikusikika sana redioni. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya damu ya hiari katika nchi hizi mbili imetoka kwa wanafunzi wa sekondari na vyuo. Ni vijana, wengi wana afya, wako mahali pamoja, na mkuu wa shule mmoja akikubali, timu inapata kazi ya kutwa nzima. Geti la shule lilipofungwa, chanzo hicho nacho kikafungwa.

Wagonjwa hawakupungua. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua hasubiri mlipuko upite. Mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria kali hasubiri, wala mgonjwa wa selimundu, wala kijana aliyevunjika paja kwenye bodaboda. Kuna upasuaji unaoweza kusogezwa mbele mwezi mmoja au miwili. Hawa hawasogezwi.

Mwongozo huu ni kwa mtu anayeweza kuwakusanya wenzake: katibu wa jumuiya, kiongozi wa kwaya, mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda, mhasibu wa kikoba, ofisa utumishi wa kiwanda, mjumbe wa serikali ya mtaa. Huhitaji kuwa mganga. Unahitaji simu, daftari na uvumilivu.

Jambo moja tulielewe kabla ya hatua zenyewe. Upungufu wa damu wakati wa mlipuko hautokani na watu kuishiwa huruma. Septemba 2013 jengo la Westgate liliposhambuliwa Nairobi, Wakenya walipanga foleni ndefu kutoa damu bila kubembelezwa na mtu. Maafa ya namna ile yanawatoa watu nje. Mlipuko unawaambia wakae ndani. Watu ni wale wale na mioyo ni ile ile. Kilichokatika ni njia ya kuwafikia. Kwa hiyo tangazo kubwa la "jitokezeni kwa wingi" ndilo linalofaa kidogo kuliko yote wakati huo. Kinachofaa ni kumfuata mtu kwa jina lake, kumpa saa yake, na kumrudia muda wake ukitimia.

Hatua ya 1: Anza na benki ya damu

Kabla hujamwambia mtu yeyote, wapigie wataalamu. Tanzania, Mpango wa Taifa wa Damu Salama una vituo vya kanda Dar es Salaam, Mwanza, Moshi, Tabora, Mbeya, Mtwara na Dodoma, na hospitali nyingi za mikoa na wilaya zina kitengo chake cha damu. Kenya kuna vituo vya Nairobi, Mombasa, Kisumu, Nakuru, Eldoret na Embu. Waulize mambo manne.

Wana upungufu wa makundi gani? Wakati mwingine O wanayo na B hawana.

Wana mifuko mingapi na vitendanishi vya kupimia vya kutosha? Hili watu hulisahau. Vifaa hivi vingi hutoka nje, na mwaka 2020 ndege na meli zilipopungua, uhaba ulizigusa nchi nyingi. Ukiwaita watu 100 na timu ikaja na mifuko 40, waliorudishwa 60 hawatakuelewa, na mara ya pili hawaji.

Timu ina watu wangapi? Wauguzi na wataalamu wa maabara nao huugua, hukaa karantini, huhamishiwa wodi za mlipuko.

Damu itafika maabara saa ngapi? Chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, ambazo wagonjwa wa saratani na wanaovuja damu huzihitaji sana, lazima zitenganishwe ndani ya saa chache tangu damu itoke mkononi, kwa kawaida kati ya saa 6 na 8. Baada ya hapo huishi siku 5 tu. Zoezi la kijijini, kilomita nyingi kutoka maabara, bado lina faida, ila usitegemee litatoa chembe sahani.

Majibu haya yaandike. Ndiyo yatakayokuambia uite watu wangapi na wa kundi gani.

Hatua ya 2: Tengeneza daftari

Mchangiaji bora kuliko wote ni yule aliyekwisha kuchangia na hakupata tatizo. Anajua sindano inaumaje, anajua anatoka salama, na damu yake ilipimwa mara iliyopita. Wapya tunawahitaji, lakini katikati ya mlipuko, pale hofu inapokuwa juu, anza na wa zamani.

Wapo wapi? Waulize wanakikundi wako nani ana kadi ya mchangiaji nyumbani. Utashangaa wangapi wanayo droo moja na cheti cha kuzaliwa. Kisha waulize waliowahi kuchangia kwa sababu ndugu yao alilazwa, maana hawa ni wengi kupita tunavyodhani, nitawarudia mbele.

Safu za daftari ziwe chache: jina, simu, mwaka wa kuzaliwa, kundi la damu kama analijua, tarehe aliyochangia mara ya mwisho, na saa zinazomfaa. Basi. Usiandike magonjwa, usiandike majibu ya vipimo, usiandike kwa nini fulani alikataliwa safari iliyopita. Majibu ni siri ya mchangiaji na kituo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, Kenya tangu 2019, lakini hata kama sheria zisingekuwepo, mtaa mdogo hausahau. Mtu mmoja akisikia jina lake limetajwa kijiweni, daftari lako limekufa.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya wiki

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, nami naomba msomaji asipite haraka.

Mfuko wa damu nzima wa kawaida hukaa kwenye jokofu siku 35. Kuna mifuko yenye dawa ya nyongeza inayofikisha chembe nyekundu siku 42, lakini tuchukue 35. Kwa utaratibu wa Tanzania, mwanamume anaruhusiwa kuchangia tena baada ya miezi 3, mwanamke baada ya miezi 4. Sasa chukua kikundi chenye watu 120 waliokubali. Wote wakichangia Jumamosi moja, picha zitakuwa nzuri na makasha yatajaa. Wiki ya tano ikiisha, mfuko ambao haukutumika unatupwa. Wanaume hawawezi kurudi hadi wiki ya 13, wanawake hadi ya 17. Maana yake kikundi chako kitakaa karibu miezi miwili bila damu jokofuni na bila mtu hata mmoja wa kutoa, mlipuko ukiwa bado unaendelea.

Angalia Siku ya Wachangia Damu Duniani, tarehe 14 Juni, siku aliyozaliwa Karl Landsteiner aliyegundua makundi ya damu. Kila mwaka watu hujitokeza, na ni jambo jema. Lakini damu ya siku hiyo haivuki tarehe 19 Julai. Anayehitaji damu Agosti haifaidi.

Dawa yake ni kugawa. Wagawe wale 120 katika vikosi 4 vya watu 30, kila kikosi na mwezi wake. Kikosi cha kwanza Januari, Mei na Septemba, cha pili Februari, Juni na Oktoba, na kadhalika. Miezi minne inatosheleza wanawake na wanaume kwa pamoja, huna haja ya ratiba mbili. Wanaume wanakuwa tayari mwezi mmoja kabla ya zamu yao, na hao ndio akiba yako: hospitali ikipiga simu usiku kwamba kundi fulani limekwisha, unajua umwamshe nani bila kuvuruga ratiba.

Na watu 30 kwa siku ndiyo idadi inayokubaliana na masharti ya mlipuko. Watu 6 kwa saa, saa tano, bila msongamano. Hata mikusanyiko ikiwekewa kikomo, mnaweza kuendelea.

Usihesabu kwamba wote 30 watatoa. Baadhi watakuwa na wingi wa damu usiotosha, wengine shinikizo litakuwa juu, wengine watakuwa na mafua. Waite 36 au hata 40 ikiwa ni wapya wengi.

Hatua ya 4: Mpigie mtu

Ujumbe wa kundi la WhatsApp unasomwa na wote na hajibu mtu. Kila mmoja anadhani mwenzake ataenda. Simu ya mtu mmoja kwa mtu mmoja ni kazi ya jioni mbili tatu, lakini ndiyo inayoleta watu. Mazungumzo yanakwenda hivi:

— Shikamoo mama.
— Marahaba mwanangu, hujambo?
— Sijambo mama. Nimekupigia kwa ajili ya ile damu. Mwezi wa kwanza ulichangia pale kanisani.
— Ee, nakumbuka. Lakini mwanangu, na ugonjwa huu? Hospitali mimi siendi sasa hivi.
— Nakuelewa mama. Hatuendi hospitali. Tutakuwa nje, chini ya miembe pale ofisi ya serikali ya mtaa, watu sita tu kwa saa. Ukija saa tatu, kabla ya saa tano umeshafika kwako.
— Na hao wenzangu watakuwa wazima?
— Kila anayeingia anapimwa joto na kuulizwa. Mwenye kikohozi anarudi nyumbani, hata akiwa mwenyekiti.
— Haya, niandike. Ila nikiamka vibaya siji.
— Hapo ndipo ninapokuomba usije mama. Unipigie tu nijue.

Tazama kilichofanyika. Hakutishwa. Hakuambiwa watu wanakufa kwa sababu yake. Alitajiwa alichokwisha kufanya, akaambiwa mahali, saa na idadi, na akapewa ruhusa ya kutokuja. Mtu aliyepewa ruhusa hiyo haoni kama amenaswa, na huwa mkweli zaidi kwenye maswali ya afya. Ukweli wake ndio ulinzi wa mgonjwa atakayepewa damu ile.

Ukilazimika kuandika, andika kama unavyozungumza: "Habari za asubuhi kaka. Mara ya mwisho ulichangia damu Januari, muda wako sasa umetimia. Jumamosi tarehe 9 Mei tutakuwa uwanja wa shule ya msingi, nje, watu 6 kwa saa. Nimekuwekea saa 4 asubuhi. Itakufaa, au nikutafutie saa nyingine?" Tarehe iwepo daima. Ujumbe wa "damu inahitajika haraka sana, sambaza" usio na tarehe huzunguka miezi, na watu hufika hospitali kumtafuta mgonjwa aliyekwisha kuruhusiwa zamani. Baada ya hapo hawaamini ujumbe wowote, hata wa kweli.

Hatua ya 5: Jibu hofu kwa ukweli

Maswali utakayoulizwa yanajirudia. Jifunze majibu yake, na usilolijua mwachie muuguzi.

"Nitaambukizwa korona nikitoa damu?" Sindano na mfuko ni vipya, hutumika kwa mtu mmoja na kutupwa. Virusi vya njia ya hewa havijaonekana kuenea kwa kuongezewa damu. Hatari iliyopo ni ile ya kukaa karibu na watu, ndiyo maana tunakaa nje, kwa nafasi, na barakoa.

Jibu hili ni la korona, usilihamishie kila ugonjwa. Marburg ilipozuka Kagera mwaka 2023, na Ebola Uganda mwaka 2022, hali ilikuwa nyingine kabisa, kwa sababu virusi vile hukaa kwenye damu na majimaji ya mwili. Kwenye mlipuko wa aina hiyo huandai chochote hadi mamlaka za afya ziseme wapi, nani na kwa masharti gani.

"Nikitoa damu kinga yangu itashuka?" Mtu mzima ana damu lita 5 hivi. Zinachukuliwa mililita 450, hazifikii nusu lita. Maji yake hurudi ndani ya siku moja au mbili, chembe nyekundu huchukua wiki kadhaa. Mtu mwenye afya hapotezi kinga yake kwa kiasi hicho.

"Nimeugua nikapona." Asubiri. Vituo vilitumia kati ya siku 14 na 28 tangu dalili ziishe kabisa. Fuata za kituo chako. Aliyekaa karibu na mgonjwa naye anasubiri.

"Nimechanjwa." Chanjo za korona zilizotumika kwetu hazina virusi hai vinavyozaliana. Aliye mzima baada ya chanjo kwa kawaida anaruhusiwa, ingawa vituo vingine humtaka akae siku chache. Aitaje chanjo yake kwenye maswali.

"Mtanipima nini?" VVU, homa ya ini B, homa ya ini C na kaswende, pamoja na kundi la damu. Majibu ni siri, naye akiyataka anapewa kituoni pamoja na ushauri. Kuna wanaokuja kuchangia ili wajue hali yao ya VVU kimyakimya. Waeleze kwa upole kwamba kituo cha ushauri nasaha na upimaji kipo bure, kwa sababu maambukizi mapya kabisa yanaweza yasionekane kwenye kipimo. Mtu akiuliza juu ya utafiti, ajibiwe bila kuficha: Kenya, watafiti walitumia sampuli za wachangiaji wa mwaka 2020, bila majina, kupima kingamwili za korona, na wakagundua ugonjwa ulikuwa umeenea kuliko idadi iliyokuwa ikitangazwa. Mtu hachukii utafiti; anachukia kufichwa.

"Damu yetu mnaiuza." Hili linauma, na wengi wanaolisema wana sababu. Wapo ambao ndugu yao alilazwa wakadaiwa fedha kwa njia ya pembeni. Usiwabeze. Waambie damu ya kuchangiwa haiuzwi, na kwamba mfuko, vipimo na jokofu vina gharama ambazo mahali pengine huonekana kwenye bili kama huduma. Anayedaiwa fedha ya chupa ya damu aombe risiti, na asipopewa aende kwa mganga mfawidhi. Na wewe ukisikia kisa cha namna hiyo kwenye hospitali mnayoihudumia, kipeleke juu. Ukinyamaza, wachangiaji watakuona mmoja wa hao wanaouza.

Hatua ya 6: Chagua mahali watu walipo

Shule zikifungwa, kuna sehemu zinazoendelea kufanya kazi. Soko mara nyingi halifungwi. Bandari haifungwi. Viwanda vya chakula, kambi za majeshi, kampuni za ulinzi, vijiwe vya bodaboda, ofisi za benki. Humo mna watu wazima wenye afya ambao tayari wametoka nyumbani, na huwaongezei safari. Mwajiri mwombe kitu kimoja tu: mfanyakazi apewe saa mbili bila kukatwa.

Nyumba za ibada ni nguzo, lakini ziangalie kwa kalenda. Mwaka 2020 Ramadhani iliangukia mwishoni mwa Aprili hadi karibu mwishoni mwa Mei. Mfungaji hafai kutoa damu mchana na njaa na kiu. Miaka ya kawaida, sehemu za pwani, mnaweza kufanya zoezi baada ya futari. Kenya mwaka ule amri ya kutotoka nje ilianza saa 1 usiku, kwa hiyo mlango huo nao ulifungwa. Somo la kiutendaji: wiki mbili kabla ya mwezi kuandama, waombe Waislamu wa kikundi wachangie mapema, na vikosi vya Ramadhani vijazwe na wengine. Kwaresima iangalie vivyo hivyo kwa wanaofunga kula.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Siku moja kabla, mkumbushe kila mtu saa yake. Mwambie ale chakula cha kawaida, alale vizuri, na anywe maji ya kutosha, glasi mbili kabla hajatoka. Avae shati ambalo mkono wake unapanda. Vigezo vya jumla: Tanzania umri ni miaka 18 hadi 65, Kenya huanzia 16, uzito usiwe chini ya kilo 50, mjamzito na anayenyonyesha wanasubiri. Mengine ataulizwa na muuguzi faraghani.

Langoni weka ndoo ya maji tiririka na sabuni, mtu wa kupima joto, na orodha ya saa. Anayewahi sana anasubiri mbali, si kwenye viti. Viti viwe 6, vimepangwa kwa nafasi, na vikifutwa mtu akiondoka. Njia ya kuingia na ya kutoka zitofautiane. Kivuli ni lazima. Jua la saa sita likimpiga mtu aliyetoka kuchangia, kizunguzungu hakichelewi.

Mchangiaji wa mara ya kwanza mkalishe mahali anapoweza kuona kipimo cha wingi wa damu, kama timu inatumia kile cha zamani. Mtaalamu anachoma kidole, anadondosha tone kwenye chupa ndogo ya maji ya buluu, na wote wanatazama. Tone likizama moja kwa moja, damu inatosha. Likielea, au likasitasita katikati, leo hatoi. Watu hulipenda jambo hili kwa sababu wanaliona kwa macho yao, hawahitaji kuamini maneno ya mtu. Anayerudishwa apewe muuguzi wa kumweleza kuhusu chakula chenye madini ya chuma: maini, dagaa, maharage, matembele, na chungwa pembeni. Aambiwe pia aende kupimwa zaidi, maana upungufu wa damu una sababu zake. Kisha umwandikie tarehe ya kurudi. Aliyekataliwa na kuachwa hivi hivi anaondoka akidhani ana ugonjwa mkubwa, na mtaani atasema hivyo.

Kutoa kwenyewe ni dakika 10 hivi. Baadaye akae dakika 15 na soda na biskuti. Dereva wa bodaboda akae zaidi, asipande pikipiki hadi ajisikie sawasawa, na siku hiyo asibebe mizigo mizito. Akianza kutoka jasho jembamba na midomo kupauka, alazwe chali, miguu iinuliwe, aitwe muuguzi. Asizungukwe na watu.

Zawadi? Maji, soda, fulana, cheti, ni sawa. Fedha hapana. Nauli ya kweli ya kumfikisha mtu si malipo, lakini ukianza kumlipa mtu kwa damu yake, utawavuta wenye shida zaidi, na mwenye shida atalificha jambo ambalo lingefanya akataliwe.

Ndugu wa mgonjwa

Hospitali nyingi zikiishiwa huwaambia jamaa walete watu wa kuchangia. Wakati wa mlipuko ndiyo damu pekee iliyobaki mahali pengi, kwa sababu mtu huja kwa ajili ya mama yake hata akiwa na hofu. Kisha anaondoka na hatumwoni tena. Kila mmoja wa hawa ni mchangiaji aliyekwisha kuvuka hofu kubwa, na hakuna aliyemwomba namba ya simu.

Kubaliana na kitengo cha damu cha hospitali yenu wawape wachangiaji hawa kikaratasi chenye namba ya kikundi chako, mwenye kutaka apige mwenyewe. Akipiga, usimtaje mgonjwa hadi yeye amtaje, huenda hakupona. Mpe pole au hongera kulingana na atakavyosema, mwandike, umweke kwenye kikosi ambacho mwezi wake unafuata baada ya miezi 4. Usimwombe chochote kabla ya hapo.

Wenye makundi adimu

Kwetu kundi O ndilo la wengi, na wenye alama ya hasi ni wachache, watu kadhaa tu kati ya 100. Waandike ukurasa wao peke yao. O hasi ndiyo damu anayokimbiliwa nayo mama anayevuja kabla kundi lake halijajulikana. Watu hawa usiwatumie kwenye zamu ya kawaida bila kuuliza benki ya damu, kwa sababu mfuko wao ukikaa siku 35 bila kazi utatupwa, na mwenyewe hawezi kurudi kwa miezi 3 au 4. Wapigie mara moja kila baada ya miezi miwili kujua kama wapo mjini, wazima, na namba haijabadilika. Hospitali ikiita, uwe na majina mawili au matatu, na mtu mwenye usafiri wa kuwafikisha hata kukiwa na zuio la usiku. Hilo la usafiri na kibali zungumza na ofisi ya mtaa mapema, mchana, kabla simu haijapigwa.